Figo nayo itafutiwe mshenga

Mgonjwa wa figo kutoka vijiji vya Mbulu akifika hospitali kubwa, swali la kwanza analokutana nalo ni kwa nini amechelewa. Anaulizwa na nesi wa mapokezi, anaulizwa na daktari wa zamu, na bingwa akija asubuhi anauliza tena. Mara nyingi hana jibu la kuwaridhisha, basi ananyamaza, na faili linajazwa kwa niaba yake: hana uelewa, ametumia dawa za kienyeji, hafuati ushauri. Mafaili ya namna hiyo nimeyasoma kwa miaka, na sikubaliani nayo. Wengi wa watu hawa wamefikiri sana kabla ya kupanda basi. Wamefikiri kwa ushahidi walio nao, kwa fedha walizo nazo na kwa kuwaonea haya ndugu zao. Ukikaa nao ukaifuata hesabu yao hatua kwa hatua, unakuta sehemu kubwa imenyooka.

Chukulia mkulima wa kata ya Bashay, mwanamume wa miaka hamsini na kitu. Ana mahindi, maharage, vitunguu saumu na ng'ombe wachache. Zahanati anaifikia kwa miguu. Hospitali ya Mbulu mjini ni safari, na ile ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari wa Norwe mwaka 1955, ni safari nyingine. Kwa mashine za kusafisha damu, wenzake waliotangulia wameelekea Arusha, Moshi au Dodoma. Kupandikiza figo ni kwa shida zaidi. Muhimbili ilianza Novemba 2017 pamoja na madaktari wa hospitali ya BLK ya India, na Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata Machi 2018 kwa kushirikiana na Wajapani wa Tokushukai. Kabla ya hapo Mtanzania aliyetaka figo mpya alilazimika kwenda nje, na wengi walikwenda India.

Mkulima wetu hajisikii mgonjwa, na matatizo mengine yote yanaanzia hapo. Figo zetu mbili zina vichujio karibu milioni mbili kwa jumla, na mwili haupigi kelele mpaka sehemu kubwa imekwisha kufa. Watu husema "figo zinaniuma" huku wameshika kiuno, na mara nyingi kinachouma ni misuli ya mtu aliyeinamia jembe tangu alfajiri. Figo inayokufa kwa presha au kisukari haiumi. Dalili zinakuja baadaye sana: uso kuvimba asubuhi, miguu kujaa, kichefuchefu, damu kupungua, pumzi kukata kwenye mlima uleule aliokuwa akiupanda na gunia begani.

Watafiti wa hospitali ya KCMC na Chuo Kikuu cha Duke walipima watu wazima 481 wa Moshi, mjini na vijijini, na matokeo yao ya 2015 yakaonyesha ugonjwa sugu wa figo kwa asilimia 7: mjini zaidi ya asilimia 15, vijijini asilimia 2. Namba iliyonikaa mimi kichwani ni nyingine. Kati ya waliokutwa na ugonjwa huo, ni kama mmoja tu katika kumi aliyekuwa anajua. Na hapo ni Moshi, mji wenye hospitali ya rufaa tangu 1971.

Kipimo chenyewe hakina makuu. Ni kijiti cha plastiki chenye vipande vya rangi. Unakichovya kwenye mkojo, unakikung'uta ukingoni mwa kikopo, unakilaza, unahesabu sekunde sitini, kisha unakilinganisha na rangi zilizochapwa ubavuni mwa chupa yake. Kipande cha protini kinaanza na njano. Kikigeuka kijani, na kijani hicho kikazidi kukolea, figo inavujisha. Kazi hii haihitaji umeme wala daktari, na nesi wa zahanati anaifanya kila wiki kwenye kliniki ya wajawazito bila kubabaika. Anayekosa ni baba aliyekaa nje kwenye benchi akimsubiri mkewe. Mwanamke akishika mimba anapimwa mkojo, presha na damu, na majibu yanaandikwa kwenye kadi. Mwanamume hana siku yake zahanati, na wengi mkono wao unafungwa kipimo cha presha kwa mara ya kwanza siku wanapoletwa wamebebwa. Ningeanza na huyo wa kwenye benchi. Gharama yake ni kijiti kimoja.

Akikutwa na presha anapewa vidonge, na hapo ndipo linapozaliwa lile neno la mafailini, kutofuata matibabu. Mtu huipima dawa kwa anavyojisikia, kwa kuwa hana kipimo kingine. Kidonge cha presha kilimkuta hana maumivu na kikamwacha hana maumivu, na kama ni kaptopri au enalapri huenda kikamletea kikohozi kikavu cha usiku kucha. Dozi ikiisha haoni alichopoteza. Upande wa pili kuna mizizi iliyochemshwa inayomfanya akojoe sana, na uvimbe wa miguu ukapungua kwa siku mbili tatu. Hilo ameliona kwa macho yake. Kuna na diklofenaki ya duka la dawa muhimu, inayotuliza mgongo upesi akarudi shambani. Kwa kigezo chake, ambacho ndicho kigezo cha kila mtu asiye na maabara mfukoni, mizizi na diklofenaki zinatibu, na kidonge cha presha kinasumbua tu. Kwamba diklofenaki ya kila siku hupunguza damu inayoingia kwenye figo, na kwamba figo iliyokwisha kuchoka haiuwezi mchezo huo, ni jambo ambalo hatalihisi. Itabidi aambiwe. Wa kumwambia kwa urahisi zaidi ni muuza duka, maana ndiye anayeonana naye mara kwa mara, na semina za figo bado hazimkumbuki.

Mitishamba madaktari wenzangu wengi huibeza tu, wakaishia hapo. Si kila mzizi ni sumu, na si kila kidonge ni salama. Shida ni kwamba karibu kila tunachokunywa kinapita kwenye figo, na mmea mbaya hauonyeshi ubaya wake mpaka muda umepita. Brussels, Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliotumia vidonge vya mitishamba ya Kichina kupunguza uzito, tena chini ya uangalizi wa kliniki, waliharibikiwa figo. Ripoti ya 1993 ilifungua uchunguzi uliokuja kuwaonyesha madaktari mimea ya jamii ya Aristolochia. Wanawake wale walikuwa wakazi wa jiji kubwa la Ulaya na hawakwenda kwa mganga. Sisi nasi tuna mwaka wetu, 2011, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alipogawa kikombe cha dawa kijijini Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500, na magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi. Kisukari kilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyosemwa yanapona. Kwenye foleni ile walikuwamo vigogo na wasomi. Ukimwambia mzee wa Mbulu kwamba alikuwa mjinga kukinywa kikombe kile, atakutajia nani walimtangulia.

Unaonikera kuliko mizizi ni ushauri mmoja wa mjini, ule wa kunywa maji mengi ili kusafisha figo. Kwa mtu mzima wa afya hauna neno. Kwa mgonjwa ambaye figo hazitoi tena mkojo wa kutosha, kila glasi inabaki mwilini, inashuka miguuni, inapanda kifuani, na nimewapokea watu waliokaribia kuzama kwenye maji waliyokunywa kwa utii. Chumvi ni vivyo hivyo. Mgonjwa anaacha kabisa kuongeza chumvi mezani, na maharage yanaendelea kuchemshwa na magadi, yenye sodiamu tele, kwa sababu hakuna aliyemwita mkewe chumba cha daktari akamuuliza anapikaje.

Halafu kuna mashine. Mbulu, Hanang, Babati, kote utasikia kwamba ukishawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu hurudi. Tunaiita imani potofu bila kutazama imetoka wapi. Yule wa kijijini kwao aliyewekwa mashine alifika amevimba na amechanganyikiwa, kriatinini, taka ya kwenye damu ambayo figo huitoa, imepanda kupita kiasi. Aliwekewa mpira shingoni usiku uleule, maana mshipa wa mkononi hutengenezwa kwa upasuaji na huhitaji wiki kadhaa kukomaa, na muda huo hakuwa nao. Mpira ukaingiza vijidudu, au fedha ikaisha wiki ya tatu, akafa. Jirani aliyemsindikiza alirudi na habari hiyo, na habari ni ya kweli. Walioanza mapema wakaishi miaka hawaonekani kijijini, kwa kuwa wamehamia mjini kuwa karibu na mashine. Kijiji kinapokea majeneza, na walio hai kinawasikia kwa simu. Kwa ushahidi huo, hata mtaalamu wa takwimu angeiogopa mashine.

Hesabu ya fedha nayo iko wazi. Kusafisha damu kwa kawaida ni mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, yaani mara 156 kwa mwaka. Tuseme kila mara ni shilingi laki moja, bei iliyo chini ya ile waliyoizoea wagonjwa wengi wasio na bima. Inakuja milioni 15 na laki sita kwa mwaka, kabla ya nauli, chumba cha kupanga mjini na chakula cha anayemsindikiza. Bima ya afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, iliyokuwa ya shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, haikuundwa kubeba mzigo huu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023, na kwa mgonjwa wa figo hoja nzima ni nini kimo kwenye kitita chake. Mtu aliyepiga hesabu hiyo akaamua kurudi kufia kitandani kwake, ng'ombe wakabaki kusomesha watoto, mimi siandiki kwamba amekataa matibabu. Ninachodai ni kwamba apigiwe hesabu hiyo mapema, akili yake ikiwa timamu, na kwamba apewe dawa za kumtuliza kichefuchefu na pumzi, maana hiyo nayo ni huduma.

Kupandikiza ndiko kunakomtoa mtu kwenye safari za mara tatu kwa wiki. Atameza dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, kwa saa zilezile kila siku, maisha yake yote, lakini atarudi nyumbani. Figo inatoka kwa ndugu aliye hai. Na hapa ndipo mgonjwa anaponyamaza kuliko popote.

Katika vikao vya ukoo nilivyoalikwa, kimoja kilinifundisha mengi. Tulikaa sebuleni, chai ya maziwa imemiminwa, kaka mkubwa wa mgonjwa anaongoza. Mgonjwa mwenyewe alikuwa kwenye kiti cha pembeni, koti limemzidi mwili, na kwa saa nzima hakusema neno. Nilieleza figo inavyotolewa. Mdogo wao wa mwisho alikuwa anaangalia viatu vyake. Mama yao mzazi akaniita, "Mwanangu daktari, hii yangu ya uzeeni haiwezi kumfaa?" Nikamwambia, "Mama, moyo wako nimeupokea, lakini kwa umri wako na presha hiyo hatuwezi kukupasua." Kimya kikarudi. Kisha mke wa yule mdogo, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika mkononi, akauliza swali ambalo wanaume wote walikuwa wamelikwepa: "Shemeji yetu tunampenda. Huyu akitoa, ataweza kulima?"

Kwa nini mgonjwa mwenyewe hakuomba? Kwa sababu mkubwa akiomba kwa mdogo ameamuru. Yeye ndiye aliyemsomesha yule mdogo, na yeye ndiye aliyesimamia mahari yake. Akitamka tu, mdogo hana njia ya kukataa akabaki ndugu. Kunyamaza kwake kulikuwa heshima, na sisi hospitalini tumezoea kumrudisha nyumbani na agizo la ajabu: nenda kawaombe ndugu zako, ukimpata mtu uje naye. Tunampa kazi moja ambayo adabu yake haimruhusu kuifanya, halafu tunaandika kwamba hana mchangiaji.

Na jibu tunalo kila tunapooa. Hakuna kijana wa kwetu anayekwenda mwenyewe kuomba mke. Anatumwa mshenga, mtu anayeheshimiwa na pande zote, anayeweza kuambiwa hapana bila mtu yeyote kuaibika. Figo inahitaji mtu wa namna hiyo: mjomba, katekista, mwalimu mstaafu. Anafundishwa na hospitali kwa siku moja, anapewa namba ya simu ya kuuliza asichokijua, anapita nyumba kwa nyumba kwenye ukoo akieleza, na mgonjwa hayupo. Wamarekani wa Johns Hopkins, Baltimore, walijaribu jambo linalofanana na hili kwa kundi dogo la wagonjwa 15, kila mmoja akachagua ndugu au rafiki wa kumsemea. Matokeo yaliyochapishwa 2012 yalionyesha wachangiaji wakijitokeza kuliko kwa wagonjwa walioachwa wajisemee. Sisi tungeanza na faida ambayo wao hawakuwa nayo, kwa kuwa kazi ya mshenga hakuna anayehitaji kufundishwa ni nini.

Mshenga ana upande wa pili ambao kwangu ni muhimu zaidi, yaani kubeba hapana. Huku kwetu mchangiaji anatakiwa awe ndugu, na utaratibu huo una sababu. Aprili 2025 Kenya ilisimamisha upandikizaji katika hospitali ya Mediheal, Eldoret, baada ya vyombo vya habari vya Ujerumani kuripoti tuhuma kwamba vijana maskini walikuwa wakiuza figo kwa wageni. Hospitali ilizikanusha. Kwa vyovyote vile, biashara ikiingia anayepasuliwa ni fukara. Lakini undugu nao una shinikizo lake, na halina risiti. Ukoo ukikaa ukamtazama kijana asiyeoa, au binti aliyerudi nyumbani kwa talaka, hiari iko wapi? India, walikopitia wagonjwa wetu wengi, wanawake ndio wengi mno kati ya wanaotoa figo wakiwa hai, na wanaume ndio wengi kati ya wanaopokea. Sioni kwa nini sisi tuwe tofauti kama hatutaangalia.

Kwa hiyo mchangiaji ahojiwe peke yake, mlango umefungwa, na daktari ambaye si yule anayemtibu mgonjwa. Akisema hataki, hospitali itoke nje na sentensi moja tu: huyu hafai kuwa mchangiaji. Isiongeze neno. Wapo wanaoona huo ni uongo. Mimi naona ni siri ya huyo mchangiaji kama siri nyingine yoyote ya hospitalini, na bila mlango huo wa nyuma sitaamini ndiyo ya mtu yeyote.

Na swali la mke wa yule mdogo lazima lijibiwe kwa namba, maana jibu la "usiogope" halimtoshi mtu anayelima. Marekani, walipofuatilia zaidi ya wachangiaji 80,000, waliokufa ndani ya miezi mitatu ya upasuaji walikuwa kama 3 katika kila 10,000. Figo inayobaki hutanuka na kuongeza kazi. Ronald Herrick, aliyempa pacha wake figo mjini Boston Desemba 1954, kwenye upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa, alifundisha hesabu na kulima, akaishi miaka 56 baada ya hapo. Hiyo ndiyo nusu ya jibu inayosemwa kwa furaha. Nusu ya pili ni kwamba utafiti wa Marekani wa 2014 ulikadiria wachangiaji 90 katika kila 10,000 wangefikia figo kushindwa katika maisha yao, dhidi ya 14 kwa watu wenye afya kama yao ambao hawakutoa, na kwa weusi hatari ilikuwa juu zaidi. Kwa jumla bado ni chini ya mmoja katika mia. Lakini kijana wa miaka ishirini na tano mwenye miaka mingi ya shamba na chumvi mbele yake anastahili kuzisikia namba zote mbili, na mkewe akiwapo. Nilimjibu yule mke kwamba mumewe atalima, baada ya miezi kama mitatu ya kutobeba mzigo, na kwamba msimu huo watafute kibarua. Hilo la kibarua ndilo lililofungua mazungumzo. Kaka mkubwa akasema vibarua wa msimu huo atawalipa yeye.

Kuna wanaotaka tuanze sasa kuchukua figo za waliofariki, kama wanavyofanya Hispania. Sijaona haraka yake. Wabarabaig wa Hanang humzika mzee aliyeheshimika kwa bung'eda, kilima cha udongo kinachojengwa kwa shughuli ya miezi, na kila jamii ya huku ina taratibu zake za kumsindikiza mfu. Mjadala huo utahitaji wazee, viongozi wa dini na sheria, na vyumba vya wagonjwa mahututi ambavyo wilaya nyingi hazina. Wakati huohuo wachangiaji walio hai tulio nao wanatutoka mikononi.

Aliyetoa figo anahitaji mambo machache tu: presha na kijiti cha mkojo mara moja kwa mwaka, kriatinini ikiwezekana, na diklofenaki asiiguse. Leo anaambiwa arudi kliniki ya rufaa, kwa nauli yake, akiwa mzima wa afya, tena wakati wa palizi. Harudi. Kazi hiyo yote isipokuwa kriatinini ingefanyika kwenye zahanati ya Bashay, kama hospitali iliyompasua ingempa barua ya ukurasa mmoja kwa mganga wa zahanati, na mganga akafungua daftari lenye jina lake na tarehe ya kumwita. Damu ya kriatinini ingechukuliwa siku gari la chanjo linaposhuka wilayani. Malipo yake yaingizwe kwenye kitita cha yule aliyepokea figo, kwa miaka yote ambayo figo hiyo inafanya kazi, na hata baada ya kushindwa. Mshenga akipita tena kwenye ukoo mwingine wa kata hiyo, huyu ndiye mtu wa kwanza watakayemuuliza habari zake.